Ng'ombe Aliyemsubiri Jaji

Merle Vondracek alikuwa mtu wa kujiuliza. Tangu ujana wake, alipokuwa akipigana mieleka kwa sare ya chuo kikuu cha jimbo, alishindwa mapambano kadhaa ambayo kila aliyetazama alijua kwamba ni yake. Nguvu hazikumpungukia hata kidogo. Tatizo ni kwamba katikati ya kumkaba mwenzake wazo lilimjia kuwa huenda anamwumiza, na wakati akilipima wazo hilo kwa pande zake zote mbili, mwenzake alikwisha kumgeuza na kumlaza chali. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitatu, nywele zimehama utosini na kwenda kuanza maisha mapya masikioni, masikio yenyewe yamejikunja kwa misukosuko ya mkeka kama chapati iliyokunjwa na mtoto, naye bado alijiuliza.

Asubuhi alifundisha historia kwa mkataba wa muda katika Chuo cha Jamii cha Bell Prairie, huko Iowa kwenye mahindi na nguruwe. Alasiri aliwafunza vijana mieleka. Jioni alifua sare zao, kwa kuwa chuo hakikuwa na fungu la mfuaji, na siku za mashindano aliendesha basi mwenyewe, kwa kuwa fungu la dereva lilikuwa limekwenda kuziba paa la maktaba. Usiku mkewe Twyla alimsikia akiisemesha dari.

"Je, nawasaidia vijana hawa, Twyla, au nawapotezea tu wakati?"

"Unanipotezea mimi usingizi," Twyla alijibu. "Hilo ndilo nililo na hakika nalo."

Msimu huo wa kuchipua majani swali lake lilipata meno. Ruzuku ya jimbo ilipungua, na bodi ya chuo ikaamua kwamba mieleka itafutwa, isipokuwa timu ilete dola elfu tisa kutoka nje ya chuo kabla ya kikao cha Jumatatu ya mwisho ya Aprili. Aliyemletea habari hizo ni Bwana Thaddeus Oyler, makamu wa mkuu wa chuo aliyeshughulikia fedha. Alikuwa amehamia kutoka Chicago miaka mitatu iliyopita. Mtu asiye na ubaya wowote ila tai, ambayo aliivaa hata kwenye pikiniki.

"Kocha, mimi sina ugomvi na mieleka," alisema, akiwa amesimama kwenye ncha ya mkeka kana kwamba ni bwawa. "Ugomvi wangu ni na hesabu. Naomba sana unishinde."

"Utafurahi nikikushinda?"

"Nitafurahi kuliko wewe. Ila sitaruhusiwa kuonyesha."

Merle alipofikisha habari nyumbani, Twyla, ambaye alikuwa mwenyekiti, mhazini na mwokaji wa chama cha wapenzi wa mieleka, hakutoa chozi wala hotuba. Alifungua kabati, akatoa mfuko wa chokaa na kuubwaga mezani.

"Bingo ya ng'ombe," alisema.

Kila mwaka walikuwa nayo. Kiwanja kilicho nyuma ya ukumbi wa michezo huchorwa miraba kwa chokaa, kila mraba na nambari yake, na watu hununua tiketi za miraba. Kisha ng'ombe hufunguliwa humo atembee atakavyo. Pale atakapoacha mzigo wake, mwenye mraba huo hupokea zawadi, na fedha zilizobaki huwa za timu. Mwaka huu, Twyla alipiga hesabu, wakichora miraba mia nne, wakiuza kila mmoja dola ishirini na tano na kutoa zawadi ya dola elfu moja, zinabaki elfu tisa kamili.

Tiketi zikauzika kama maji wakati wa kiangazi. Vijana wa timu walibisha hodi kila nyumba, kila duka la mbegu, kila kanisa. Kasisi alinunua tatu, akasema moja ni ya Baba, moja ya Mwana, na ya tatu ni yake mwenyewe, maana Roho Mtakatifu hana haja ya fedha. Babu mmoja alimnunulia tiketi mjukuu aliyezaliwa wiki ile. Hakuna aliyeachwa.

Mambo yangekwenda hivyo hadi mwisho, laiti dhamiri ya Merle ingelala. Mwaka uliotangulia watu wawili walilalamika: mmoja alidai kwamba mwenzake alimtikisia ng'ombe ndoo ya mahindi, na mwingine kwamba alilazimika kwenda nyumbani kabla ng'ombe hajafanya kazi. Maneno hayo yalimkaa rohoni. Kwa hiyo nyuma ya kila tiketi, kwa lugha iliyopangwa vizuri kama katiba, aliandika masharti mawili. La kwanza: asiwepo mwenye tiketi atakayemgusa ng'ombe, kumwita, kumlisha wala kumtisha. La pili: jua likizama kabla ng'ombe hajatimiza wajibu wake, kila mtu atarudishiwa fedha zake zote.

Twyla aliyasoma siku tiketi zilipotoka kiwandani, zote mia nne zimekwisha kupigwa chapa.

"Merle. Ni nani aliyekuomba uwe mwadilifu kiasi hiki?"

"Niliona ni haki."

"Haki! Umeitundika mieleka kwenye mkia wa ng'ombe, halafu ukamwekea saa!"

"Lakini ni Bertha," Merle alijitetea. "Bertha hajawahi kuchelewa."

Hilo lilikuwa kweli. Bertha, ng'ombe wa maziwa wa akina Kubicek, alikuwa mkongwe asiye na haya, na tumbo lake lilitegemewa wilayani kama kengele ya kanisa. Lakini Jumamosi yenyewe, watu wakiwa wameanza kujaza viti, Brody Kubicek aliwasili na tela la baba yake. Brody alikuwa mpiganaji wa uzito wa juu, kijana mwenye shingo pana kuliko kichwa na moyo mpana kuliko vyote viwili.

"Kocha, Bertha amezaa leo alfajiri," alisema. "Ndama jike! Mama na mtoto wote wazima."

"Hongera," Merle alisema, huku akilitafuta jua kwa macho.

"Usijali, Kocha. Nimekuletea Petunia."

Akafungua mlango wa tela, na umati mzima ukasema "Aaah!" kwa pamoja. Petunia alikuwa bingwa wa maonyesho ya mifugo ya wilaya kwa miaka miwili mfululizo. Alikuwa ameogeshwa, akakaushwa kwa mashine ya upepo, akachanwa mkia hadi ukawa kama nywele za bibi harusi. Kwato zake zilipakwa rangi nyeusi ya kung'aa, na hatamu yake ilikuwa ya ngozi yenye mnyororo wa fedha. Alishuka kwa hatua za kifalme, akaingia ndani ya uzio mweupe ambao Twyla aliuazima kutoka uwanja wa maonyesho hayo hayo, akafika katikati ya kiwanja, akasimama.

Merle alimtazama akajaa furaha. Mambo yote yalikuwa mazuri mno: jua, watu, ng'ombe anayeng'aa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakujiuliza chochote, na siku hiyo ndiyo aliyopaswa kujiuliza.

Petunia alisimama. Miguu minne imepangwa sawasawa, kichwa juu, mgongo umenyooka kama rula, macho yanatazama mbele. Watu walipiga makofi. Petunia akainua kichwa zaidi. Mpiga kodiani aliyealikwa kuchangamsha watu akapiga polka moja, muziki wa kurukaruka, akapiga ya pili. Petunia hakutikisa hata sikio.

"Anafikiri," alisema kasisi.

"Anafikiri nini? Ni ng'ombe huyo, Baba."

"Hata mimi kuna siku nakaa sana kabla ya mahubiri."

Saa ikapita, na nyingine ikafuata. Sharti la kwanza lilikataza kumwita, kwa hiyo refa wa mieleka, aliyesimama kando ya uzio na kipenga mdomoni, alimpulizia kila aliyethubutu kusema "Njoo, mama." Watu wakatafuta mwanya. Wakaanza kuzungumza wao kwa wao, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Jirani, nimekunywa juisi ya plamu ya kulainisha tumbo asubuhi, usiniulize yaliyonipata!"

"Hebu nieleze, jirani, usinifiche!"

"Hakuna kujizuia, nakwambia! Kujizuia ni hatari kwa afya!"

Kipenga kikalia. "Hiyo ni kumshawishi!"

"Nazungumza na jirani yangu!"

"Jirani yako yuko upande huu. Mbona unamtazama ng'ombe?"

Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuondoka, njaa iliwashika wote. Twyla aliuza kolachi zote, vile vimkate vitamu vyenye jemu katikati, akatuma gari liende kwa dada yake kuleta unga, akaoka nyingine jikoni mwa chuo, nazo zikaisha. Baga ziliuzwa kwa amri yake upande wa pili wa ukumbi, mahali ambapo Petunia hakuweza kuziona, kwa heshima. Watoto walicheza mieleka kwenye majani. Mabibi wawili ambao hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya shangazi fulani walijikuta wakigombana kwa furaha juu ya namna ng'ombe anavyocheua.

Ni Merle peke yake aliyekuwa akitazama juu. Jua lilikuwa limekwisha kuliacha ghala la nafaka na sasa lilikuwa linateleza kuelekea mashambani. Aliwaona vijana wake wamejipanga kando ya uzio, mabega makubwa yamelegea. Aliwajua mmoja mmoja: huyu asingeingia chuo chochote kama si mieleka, na sasa anasomea uuguzi; yule alikuja kwa ajili ya mkeka akabaki kwa ajili ya uchomeleaji. Jumatatu watafutwa wote, alifikiri, na hawatafutwa na bodi. Nitakuwa nimewafuta mimi kwa sentensi yangu nzuri.

Bwana Oyler alikuja kusimama kando yake na tai yake. Alitakiwa kushuhudia na kuthibitisha mapato.

"Kocha," alisema kwa upole, "jua likizama, itanilazimu nianze kurudisha fedha. Samahani sana."

"Naelewa."

"Lakini ni ng'ombe mzuri."

"Ni mzuri mno," Merle alisema. Akasikia maneno yake mwenyewe, na ndipo alipojiuliza, hatimaye, swali la siku ile. Akamwita Brody.

"Huyu ng'ombe wako ana nini?"

"Hana neno, Kocha. Amesimama vizuri, sivyo?"

"Tangu mchana amesimama vizuri!"

"Ndivyo nilivyomfundisha." Brody aliona fahari. "Akiona uzio mweupe na watu wamejaa, na amevaa ile hatamu, anajua yuko kwenye maonyesho. Hasogei, hachafui, hapepesi. Mpaka jaji ampige kofi la kiunoni, lile la ubingwa. Hapo ndipo anajua kazi imekwisha, anaachia kila kitu." Shingo yake pana ikaanza kuwa nyekundu kutoka chini kwenda juu. "Oo," alisema. "Oo, Kocha."

"Oo," alikubali Merle.

Akageuka kuutazama umati. Alihitaji mtu mmoja tu wa kumpiga Petunia kofi, mtu asiye na tiketi. Kasisi alikuwa nazo tatu. Refa alikuwa na moja, Merle mwenyewe moja, Twyla mbili, vijana wote walijinunulia, mpiga kodiani alilipwa kwa tiketi, na yule mtoto wa wiki moja alikuwa amelala na yake ndani ya soksi. Wilaya nzima ilikuwa na tiketi. Isipokuwa, kwa kuwa kanuni za chuo zilimkataza mshika fedha kushiriki bahati nasibu ya chuo, mtu mmoja.

Merle na Brody wakamgeukia Bwana Oyler taratibu, wote wawili kwa pamoja.

"Mbona mnanitazama hivyo?"

Walimweleza. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi? Mimi sijawahi kumgusa ng'ombe ambaye hajapikwa!"

"Ni kofi moja tu, mzee," Brody alisihi.

Dhamiri ya Merle nayo ikaamka. Je, si hila hii? Sharti lilisema mwenye tiketi, na aliliandika yeye mwenyewe. Lakini nia ya sharti, je? Je, aliyeandika sheria anaruhusiwa kupita kwenye ufa wake? Akafungua mdomo ili aliweke jambo hilo wazi kwa pande zake zote mbili.

"Merle," alisema Twyla kutoka nyuma yake. "Jua."

Merle akafunga mdomo. Akainua kipaza sauti, akausomea umati sharti la kwanza neno kwa neno, akaeleza habari za Petunia na kofi lake, na akauliza kama kuna mwenye tiketi anayepinga. Hakuna aliyepinga. Umati ulikuwa umekwisha kusimama juu ya viti.

"Usiharakishe, mzee," Brody alinong'ona akimsindikiza Bwana Oyler hadi langoni. "Ukiharakisha hatakuamini. Mzunguke. Shika kidevu. Tazama miguu. Halafu lazima useme sababu za kumpa ushindi. Jaji wa kweli husema sababu."

Bwana Oyler akaingia. Kimya kikatanda hata ikasikika chokaa chini ya viatu vyake vya Chicago. Mzunguko wa kwanza aliufanya kwa mbali, kama mtu anayepita kando ya nyumba yenye mbwa. Petunia akamtupia jicho, akajinyoosha zaidi. Labda ni jicho lile lililofanya kazi. Haijawahi kutokea mtu yeyote Bell Prairie kujinyoosha kwa ajili ya Thaddeus Oyler. Mzunguko wa pili alishika kidevu. Wa tatu alivua tai, akaitia mfukoni, akachuchumaa kuzikagua kwato moja baada ya nyingine.

"Anamsoma kama bajeti!" mtu alipiga kelele.

"Mwache, anatafuta nakisi!"

Bwana Oyler akainuka na kupokea kipaza sauti juu ya uzio.

"Mabibi na mabwana," alisema, sauti ikitetemeka, kisha ikaacha kutetemeka. "Nampa ushindi ng'ombe huyu. Kwanza kwa uthabiti wake, ambao leo sote tumeushuhudia kwa muda mrefu. Pili, mgongo wake umenyooka, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu ripoti yoyote niliyowahi kupelekewa. Tatu, gharama zake za uendeshaji ni nyasi. Na nne," akainua mkono, "hana mpinzani!"

Akampiga kofi kiunoni, kofi zito la ubingwa, na mwangwi wake ukagonga ukuta wa ukumbi.

Petunia alishusha pumzi. Mabega yakashuka, kichwa kikashuka, ubingwa wote ukamtoka kama hewa kwenye puto. Mkia uliochanwa kama nywele za bibi harusi ukainuka. Subira huvuta heri, wazee walisema. Heri yenyewe ilitoka yote kwa mkupuo, ya mchana mzima, moto moto, sehemu ikaangukia kwenye majani na sehemu nyingine juu ya kiatu cha kushoto cha makamu wa mkuu wa chuo.

Kelele zilizopanda hapo ziliwashtua njiwa wa ghala la nafaka. Kodiani ikaingia katikati ya polka. Vijana wa timu waliuruka uzio na kuangukiana kifuani, kasisi akambusu mtu ambaye hakumjua, na Brody akalia waziwazi kama mtoto. Kipenga tu ndicho kilichomzuia Bwana Oyler kukimbia.

"Asisogee mtu! Mzee, usiinue mguu huo!"

"Nisimame hivi mpaka lini?"

"Mpaka tupime!"

Maana mzigo ulikuwa umelala juu ya mstari wa miraba miwili, na kiatu kilikuwa na fungu lake. Walileta futi. Walibishana kama kilichoko juu ya kiatu kihesabiwe kwa mraba ambao kiatu kimesimama, au kwa mraba ambao kingeangukia kama kiatu kisingekuwapo. Merle angeweza kulijadili suala hilo hadi asubuhi, lakini Bwana Oyler alilimaliza mwenyewe. Alifungua kamba, akatoa mguu, akarudi nyuma kwa soksi moja na kuacha kiatu pale pale kama ushahidi.

"Kiatu ni sehemu ya kiwanja," aliamua. "Mimi ndiye jaji."

Mshindi akawa Geraldine Toft, mkata nywele, ambaye alikuja mbio na aproni yake. Watu walisubiri aseme kwamba anairudishia timu zawadi hiyo, kama walivyofanya washindi wa miaka iliyopita. Geraldine alizihesabu noti, akazitia kifuani na kutangaza kwamba anakwenda kununua mashine ya kukatia majani, ile ya kuketi juu yake. Alishangiliwa kuliko wote. Na jua, likiwa limeona yote, likazama.

Jumatatu, mbele ya bodi, Bwana Oyler alisoma mapato ya Bingo ya Ng'ombe bila kuinua macho: dola elfu tisa za tiketi, na karibu elfu tatu zaidi za kolachi na baga, kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani kula. Mjumbe mmoja aliuliza kama mapato hayo yanatarajiwa kuendelea. Bwana Oyler akajibu kwamba kitaalamu ni vigumu kutabiri, lakini yeye binafsi alikuwa karibu sana na chanzo chake. Mwenyekiti wa bodi ilimbidi aombe mapumziko mafupi ili wajumbe wamalize kucheka. Kisha walipiga kura, na mieleka ikabaki.

Nje, kwenye maegesho, Merle alimpa Bwana Oyler mkono. Wazo jipya lilikuwa limekwisha kumkaa kooni.

"Bwana Oyler, nijibu kwa ukweli. Ni sawa kuweka kesho ya vijana juu ya tumbo la ng'ombe?"

Bwana Oyler alifikiri, mikono mfukoni. Hakuwa na tai.

"Sijui, Kocha," alisema. "Lakini nataka nikuulize jambo kuhusu mwakani. Ninaweza kuacha kushika fedha za siku hiyo, nimpe mtu mwingine kazi hiyo, nami ninunue tiketi? Hata moja tu?"

Twyla, aliyekuwa akipakia masinia matupu garini, aliinua kichwa kabla mumewe hajapata nafasi ya kulipima swali hilo.

"Huuziwi," alisema. "Wewe ndiye jaji wetu, utahitaji viatu vya mpira."

Merle akaingia garini akicheka, na walipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kufua sare, kwa kuwa fungu la mfuaji bado halikuwapo.